Eda ya Albert

Jioni ya maziko, Albert aliosha vyombo vilivyokuwa kwenye karo tangu juzi, akafuta meza, akatundika koti la kazi la Mahir nyuma ya mlango wa sebule, kisha akapiga simu mtaa wa Rayners Lane, London, kumwuliza Bi Sheikha eda inakaliwaje.

Bi Sheikha alikuwa dada yake Mahir. Alikuwa amekaa eda ya mumewe miaka ya nyuma, katika nyumba ileile aliyopokelea simu. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake waliokuja kumpa pole, na vikombe vikipangwa.

"Nani kafiwa?" aliuliza.

"Mimi," akasema Albert.

Bi Sheikha alisogea mbali na wale wanawake. Hakukata simu.

"Usivae rangi," akasema. "Usitie manukato, usijipambe, usende harusini. Usitoke ndani ila kwa haja."

"Na kazini?"

"Kazi ni haja. Nenda, urudi moja kwa moja. Usipitepite madukani." Akafikiri. "Miezi minne na siku kumi. Na Alberti?"

"Naam, dada."

"Ule. Watu hujisahau kula."

Albert akamshukuru. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mkristo wa kwenda kanisani Krismasi na Pasaka, na hakuwahi kusikia mwanamume amekaa eda. Lakini alikuwa ameishi na Mahir miaka sita katika chumba na sebule juu ya duka la Harish, Kilburn, na hakujua njia nyingine ya kumlilia mtu aliyezikwa Kiislamu. Alitoa mashati yake ya rangi kabatini, akayatia katika mfuko mweusi, akaufunga.

Asubuhi ile makaburini alikuwa amesimama nyuma, pamoja na watu waliofanya kazi na Mahir sinema. Baada ya dua watu walipanga mstari kuwapa mkono wafiwa. Wafiwa walikuwa Rajab, kaka mkubwa, na wanawe wawili. Mtu mmoja aliuliza yule aliye kule nyuma ni nani, na Rajab akajibu, bila ubaya wowote katika sauti yake, "Mpangaji mwenzake marehemu." Yule mtu akamtikisia Albert kichwa, kama abiria anavyomtikisia dereva. Hakuna aliyempa mkono. Albert hakutaka kitu cha marehemu, wala hakutaka maneno mengi. Alitaka mmoja tu katika ndugu za Mahir amshike mkono na kumwambia pole. Hamu hiyo ndiyo aliyorudi nayo kwenye basi.

Albert na Mahir walikuwa wamekutana sinema. Mwaka 1992 Albert alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, akihudumia wazee katika nyumba ya wazee huko Willesden, na kila mwezi akimwandikia mama yake kwamba mchumba bado anatafutwa. Jumapili moja mvua ilimwingiza katika sinema ya barabara kuu, akaingia katika picha iliyokuwa inaanza. Ilikuwa inahusu fundi wa mabasi na mwoka mikate katika mji wa baridi huko kaskazini. Wanaume wawili. Wanapendana, wanagombana juu ya mbwa, wanahamia nyumba moja. Hakuna anayekufa. Mwishoni wanakaa mezani wanakula mkate. Albert alikuwa amewasikia watu wa namna yake wakisemwa, wakichekwa na wakiombewa. Hakuwahi kuwaona wakila mkate, wakubwa kama ukuta wa nyumba, na siagi kwenye ndevu. Taa zilipowashwa alibaki kitini.

Alirudi siku iliyofuata, na siku nyingine tena. Mara ya tatu, mchanaji wa tiketi, mtu mwembamba aliyevaa koti jekundu la vifungo vya shaba, alimfikia na ufagio wake akiwa anakusanya bisi chini ya viti.

"Kaka, ukiendelea hivi tutakupa sare," akamwambia kwa Kiswahili.

"Umejuaje mimi Mswahili?"

"Si umeongea na picha tangu mwanzo? Umemwambia mwoka mikate, 'Mfuate basi, mjinga we.'"

"Na amemfuata."

"Humfuata kila siku," akasema Mahir. "Saa tisa, na tena saa mbili usiku."

Wiki ile Albert alinunua shati la rangi ya ndimu, na barua iliyofuata kwenda Bukoba haikumtaja mchumba. Ilieleza habari za picha, ikasema mji umeanza kumpendeza.

Mahir alifariki Oktoba 1998, kwa moyo, kwenye ngazi za sinema. Alikuwa amebeba ndoo ya bisi.

Alhamisi ya kwanza ya eda, Albert alirudi kutoka kazini moja kwa moja, akapika ndizi, na ilipoingia magharibi mwanga ukatoka katika mkono wa kushoto wa lile koti, ukavuka sebule, ukatua ukutani juu ya televisheni. Ulikuwa mwanga wa sinema, na vumbi likielea ndani yake. Koti lilikuwa limeshinda miaka tisa ukumbini na lilikuwa limehifadhi mengi. Albert aliiondoa kalenda ya kanisa iliyokuwa njiani, akakaa na sahani yake magotini, akatazama.

Ilikuwa picha ya majambazi na magari. Katikati ya kufukuzana, Mahir alitokea kwenye kivuko na mfuko wa dukani mkononi, akasubiri polisi wapite, akavuka. Alhamisi iliyofuata ilikuwa picha ya malkia, na Mahir alisimama kati ya watumishi walioshika vinara, wa tatu kutoka kulia. Hakumtazama Albert hata mara moja. Alikuwa kazini.

Harish, mwenye duka chini, alipanda ngazi kulalamika. Alikuwa mzaliwa wa Jinja na Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta.

"Bwana Albert, picha yako inaonekana mpaka barabarani. Watu wanasimama mbele ya duka. Kununua, hawanunui."

"Nifunge pazia?"

"Ah, pazia la nini? Mimi nauliza tu inaanza saa ngapi."

Alhamisi iliyofuata alipanda na kiti chake. Mkaguzi wa leseni za televisheni, ambazo huko kila mwenye televisheni hulipia, naye alifika, akakuta televisheni imezimwa na ukuta unaonyesha. Akapekua karatasi zake kutafuta kifungu cha makoti, hakukiona, akabaki mpaka mwisho wa picha kwa kuwa nje kulikuwa na baridi.

Mwezi wa pili wa eda alikuja Bi Sheikha. Rajab alikuwa amemtuma kuchukua vitu vya marehemu. Alivipanga mezani kimoja kimoja: mswala, redio, saa, kofia mbili za kiua. Kisha akatazama nyuma ya mlango.

"Kaka anataka na koti. Anasema atalitoa sadaka."

"Koti tusubiri kidogo, dada. Linakaribia kuanza."

Bi Sheikha aliingia chumbani kusali magharibi. Alipotoka alimkuta mdogo wake ukutani, katika harusi ya Kizungu, akipita kati ya wageni na sinia la glasi.

"Kakonda," akasema.

"Ni ile nguo tu, dada."

"Sio nguo. N'namjua ndugu yangu. Kakonda." Akakaa. Hakupita muda akainuka tena. "Na ukuta wako huu una mawimbi, bibi harusi pua imemwenda upande. Huna shuka nyeupe humu ndani?"

Albert akaleta shuka. Bi Sheikha akaitundika mwenyewe, akaivuta kwa pini alizochomoa katika mtandio wake, na pua ya bibi harusi ikanyooka. Aliondoka na mswala, redio, saa na kofia. Rajab alipomwuliza koti, akasema amelifua na halijakauka. Baada ya wiki nne Rajab akauliza tena.

"Mpaka leo?"

"London hii, kaka," akasema Bi Sheikha. Ulikuwa mwezi wa Desemba.

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi na chungu cha chakula kilichofungwa kwa kanga. Yeye, Albert na Harish walikula kwanza, kisha wakageuza viti.

Jioni moja Albert alipita mbele ya mwanga na kikombe cha chai, na kivuli cha mkono wake kikabaki kwenye shuka baada ya yeye mwenyewe kukaa. Kikaweka kikombe chini. Kikajikuna. Harish akasema hicho kivuli hakina adabu, kinajikuna mbele ya watu. Albert alikitazama kwa muda mrefu, na kesho yake akashuka dukani kuomba maboksi matupu.

Alikata watu. Alikata kwa mkasi wa jikoni, vibaya mwanzoni, mtu mmoja bila shingo, mwingine magoti yote upande mmoja. Alipowapitisha kwenye mwanga, mwanga uliwapa sura, nguo na uzito, wakatembea kwenye shuka kama watu waliolipwa. Picha yake ya kwanza ilikuwa fupi. Mahir yuko jikoni, juu ya duka la Harish, anakata vitunguu na kukilalamikia kisu. Albert anaingia kutoka kazini, anavua viatu. Mahir anageuka. Ilikuwa ndiyo picha ya kwanza ambayo Mahir alikuwamo bila kuwa kazini, na alipogeuka alimtazama Albert usoni.

Sauti haikuwapo, kwa hiyo Albert alisimama kando ya shuka akawasemea wote wawili.

"Kisu hiki ni butu sana, mpenzi," akasema kwa sauti ya Mahir.

"Hasemi hivyo," Bi Sheikha akamkatiza. "Mahir na 'ni butu sana' wapi na wapi? Mahir husema, 'Lione lisu hili! Bora ningekata kwa meno.'"

"Sema wewe basi, dada."

Bi Sheikha akainuka, akasimama upande wa pili wa shuka na kumsemea ndugu yake. Alikuwa na sauti nzito kidogo na ilifaa. Alimsemea mpaka mahali ambapo Mahir anamwambia Albert, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba amemtamani tangu asubuhi na chai imo katika chupa. Aliyasema yote mawili bila kusita, na Harish akapiga makofi.

Albert akaendelea kukata. Alitengeneza picha ya wao wawili kwenye basi, picha ya wao wawili wamegombana, na kwa ombi la Harish picha ya Jinja, yenye mto na duka la vitambaa. Kazini wazee walimwuliza kwa nini siku hizi anapiga mluzi akitandika vitanda, naye amevaa nyeusi. Alisema amefiwa, na pia anatengeneza sinema. Waliona yote mawili yanawezekana.

Mwezi wa Januari alitengeneza picha ya maziko.

Alikata makaburi, na mvua, na mstari wa watu. Alimkata Rajab na wanawe. Alimkata na Bi Sheikha, ingawa kwao wanawake hawaendi makaburini, kwa sababu boksi lilikuwa limebaki. Alijikata mwenyewe, akajisimamisha mbele, ubavuni mwa Rajab, mahali pa wafiwa. Picha ilikuwa na jambo moja tu: watu waje mmoja mmoja, wampe mkono.

Walikuja. Walimpa mkono Rajab, wakawapa wanawe, na kila aliyefika mbele ya Albert alipita. Albert akawakata upya, mikono mirefu zaidi. Wakapita na mikono yao mirefu. Akajiweka wa kwanza kwenye safu, na wao wakaanzia kwa wa pili. Mwanga ule ulikuwa umekubali kuleta mto kutoka Jinja na kumfufua mtu akate vitunguu, lakini hili haukulikubali.

Aliionyesha hivyohivyo ilivyo. Bi Sheikha alitazama mstari ukisogea, akajiona mwenyewe akija.

"Mimi mnene kiasi hicho?"

"Lilikuwa boksi la friji, dada."

Harish akacheka mpaka akakohoa, na Bi Sheikha akacheka naye. Bi Sheikha wa kwenye shuka alifika mbele ya Albert, akasimama, akarekebisha mtandio, akapita. Hapo kicheko kikamwishia.

"Mbona kapita? Mrudishe."

"Nimemrudisha sana. Anapita tu."

"Mwambie."

"Haambiliki."

Kwenye shuka watu waliendelea kupita. Bi Sheikha alikaa na mikono yake mapajani. Yote miwili ilikuwa mitupu, na kati ya kiti chake na cha Albert pasingetosha sinia la wali. Harish alitazama viatu vyake.

"Tia ile ya jikoni," akasema Bi Sheikha.

Albert akatia ile ya jikoni, na Bi Sheikha akainuka kumsemea ndugu yake.

Eda iliisha Februari, siku ya Jumamosi. Bi Sheikha alifika asubuhi na sabuni mpya, chetezo, udi na kichupa cha mafuta ya waridi.

"Mtu hutolewa eda na umati," akasema. "Wewe umenipata mimi. Kaoge."

Albert akaoga. Bi Sheikha akafungua mfuko wa mashati, akachagua lile la rangi ya ndimu, akalifukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikaanza kulia nyumba nzima, na Harish akapanda mbio na ufagio kukinyamazisha kwa mpini. Akampaka Albert mafuta ya waridi nyuma ya masikio, kama anavyopakwa mtu aliyemaliza, akamtazama, akaridhika. Walikuwa wamekubaliana kwenda sinema.

Kituoni, wakisubiri basi, walikutana na Bi Ghalia wa Rayners Lane, aliyekuwa Muscat tangu kabla ya msiba.

"Sheikha! Nilisikia niko huko huko. Pole, mwaya. Pole sana." Akamshika mikono yote miwili, akaitikisa, akaishika tena.

"Tushapoa," akasema Bi Sheikha.

"Na huyu nani?"

Bi Sheikha akageuka. Albert alikuwa amesimama hapo na shati lake, ananukia udi, ameoga eda ya ndugu yake.

"Mpangaji mwenzake marehemu," akasema.

"Ah," akasema Bi Ghalia, akamtikisia kichwa. "Umeshapata mwingine?"

"Sijatafuta," akasema Albert.

Basi likaja. Walipanda ghorofa ya juu, wakakaa mbele kabisa, na kwa vituo kadhaa Bi Sheikha alitazama maduka.

"Alhamisi n'kuletee nini?" akauliza.

"Chochote, dada."

"Chochote hakipikiki."

"Wali wa nazi, basi."

"Na samaki?"

"Na samaki."

Picha waliyoiona ilikuwa ya kawaida. Mahir hakuwamo. Hata alipokuwa hai, Jumamosi hakupenda kufanya kazi.

Koti halikuwahi kukauka. Rajab aliacha kuliulizia, na Alhamisi ziliendelea. Muuguzi mmoja wa Tooting, Marcelina, alisikia habari hizo kwa wagonjwa, akaja na picha ya Lilian, aliyeishi naye mpaka alipofariki, na ambaye kwenye mazishi yake Marcelina alipewa kazi ya kugawa soda. Albert alimkatia Lilian, akampitisha kwenye mwanga, na Lilian, Albert akimsemea, akamkemea Marcelina kwa kuchelewa kula. Kisha Albert akamshika Marcelina mkono na kumwambia pole. Marcelina alilia kwa furaha, akaanza kuja kila wiki na chapati. Wengine wakafuata, mpaka Harish akawa anakodisha viti. Mwaka 2002 sinema ya barabara kuu ilimpa Albert Jumatatu moja ya kila mwezi. Alilipeleka koti katika mfuko wa plastiki, wakalitundika mahali pa mashine ya picha, na nje wakaandika jina lake kwa herufi nyekundu, likakosewa kidogo. Alisimama upande wa pili wa barabara kulisoma. Alimwandikia mama yake kwamba ametengeneza picha kumi na moja, na kwamba Mahir yumo katika zote.

Bi Sheikha hakukosa hata Alhamisi moja. Pole hakuitoa, mwaka ule wala miaka iliyofuata, na nyumbani kwake Rayners Lane, khitma ya marehemu iliposomwa kila Oktoba, Albert alipelekewa sinia la chakula mpaka Kilburn.

Desemba 2005 alifika na habari kabla hata ya kuvua viatu.

"Harish kanambia serikali imetoa sheria. Wanaume wawili wanaandikishwa."

"Kweli. Nimeisoma kazini."

"Wanapewa karatasi, wanarithiana, mmoja akifa mwengine ndiye mfiwa."

"Ndiyo."

Bi Sheikha akaweka chungu mezani, akafungua kanga, akaikunja pande nne.

"Na walokwisha kufa?"

"Hapana, dada. Lazima wafike wote wawili, watie saini wenyewe."

"Hata kama mmoja bado yupo?"

"Hata kama."

"Basi," akasema Bi Sheikha. "Na Mahir naye kufika mahali kwa wakati hajawahi."

Walikula. Magharibi ikaingia, yeye akasali, na alipotoka chumbani mwanga ulikuwa umeshavuka sebule. Kwenye shuka Mahir alikuwa ameshika kitunguu, amefungua mdomo, anangoja kusemewa.

"Sogea kidogo, Alberti," akasema Bi Sheikha. "Unaniziba."

Albert akasogea.